Kufukia kama Uamuzi wa Onesho: Uhakiki wa Stadi za Usimamizi wa Miradi ya Makumbusho kwa Kurejelea Nyayo za Laetoli

1.0 Utangulizi

Vitabu vinavyofundisha utengenezaji wa maonesho ya makumbusho humpa msomaji orodha ya stadi za kusimamia mradi: kupanga ratiba, kukadiria gharama, kuunda timu, kuwasiliana na wadau, kudhibiti vihatarishi na kufungua onesho siku iliyotangazwa. Orodha hizo si za kubezwa. Yeyote aliyewahi kuhudhuria ufunguzi huku mafundi wakiwa bado wanapaka rangi nyuma ya pazia anajua thamani yake. Hata hivyo, uhakiki huu unadai kwamba orodha hizo zimejengwa juu ya dhana moja isiyosemwa waziwazi, nayo ni kwamba kitu kinachokusudiwa kuoneshwa kinaoneshekeka, na kwamba kazi ya msimamizi ni kukifikisha salama mbele ya mtazamaji. Dhana hiyo inapowekwa mbele ya nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, inapwaya. Laetoli uamuzi mkubwa zaidi wa mradi ulikuwa kufukia.

Matini zinazohakikiwa ni tatu. Ya kwanza ni kitabu cha David Dean cha mwaka 1994 kuhusu nadharia na utendaji wa maonesho ya makumbusho. Ya pili ni kitabu cha Polly McKenna-Cress na Janet Kamien cha mwaka 2013 kuhusu uundaji wa maonesho kwa njia ya ushirikiano. Ya tatu ni fasili ya mradi inayotolewa na Taasisi ya Usimamizi wa Miradi yenye makao yake Marekani, fasili ambayo mwanafunzi wa fani hii hukutana nayo karibu kila mahali. Matini hizi zinasomwa sambamba na kisa cha Laetoli kuanzia mwaka 1978 hadi kuchapishwa kwa matokeo ya uchunguzi wa Eneo A mwaka 2021. Kisa hiki kimeteuliwa kwa sababu wahusika wake waliandika na kuchapisha sababu za maamuzi yao, jambo lisilo la kawaida katika makumbusho, ambamo sababu nyingi huishia katika mihutasari ya vikao.

2.0 Mradi katika Fasili na katika Mazungumzo

Taasisi ya Usimamizi wa Miradi hufasili mradi kuwa ni jitihada ya muda, yenye mwanzo na mwisho, inayokusudia kuzalisha kitu au huduma isiyofanana na nyingine. Sehemu ya pili ya fasili hiyo inakubalika bila ubishi kwa upande wa makumbusho, kwani hakuna maonesho mawili yanayofanana. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye utata.

Katika Kiswahili cha kila siku neno mradi halibebi wazo la ukomo. Mtu anayesema ana mradi wa kuku hamaanishi kwamba kuku hao watafungiwa hesabu mwezi Juni na banda likabidhiwe. Anamaanisha shughuli inayomlisha, inayodai pumba na chanjo kila msimu, na ambayo akiiacha kwa juma moja itamwaibisha. Mradi kwa maana ya fasili ya kimataifa umeingia kwetu kwa njia nyingine, ile ya kibao cha barabarani chenye majina ya wafadhili, kibao ambacho mara nyingi hudumu kuliko kazi yenyewe. Maana hizi mbili huishi pamoja katika neno moja na wasemaji hawachanganyikiwi. Anayechanganyikiwa ni msimamizi wa onesho, kwa kuwa ameajiriwa kwa maana ya pili ilhali kioneshwa kinamdai kwa maana ya kwanza.

Ni haki kusema kwamba Dean hakulisahau suala hili. Mfumo wake una hatua nne, yaani dhana, uendelezaji, utendaji na tathmini, na hatua ya utendaji ameigawa katika kipindi cha kuendesha onesho na kipindi cha kulihitimisha. Wengi waliomfuata huishia kwenye ufunguzi, naye alikwenda mbele zaidi. Tatizo lipo katika namna anavyokielewa kipindi cha kuhitimisha. Onesho huvunjwa, vitu hurudishwa ghalani, hesabu hufungwa, na ukumbi husafishwa kwa ajili ya onesho lingine. Maelezo hayo yanafaa ukumbi wa maonesho ya muda katika jengo lenye ghala. Hayafai pale ambapo kioneshwa ni sehemu ya ardhi. Nyayo za Laetoli hazina ghala la kurudishiwa. Ghala lake ni pale pale zilipo.

Hata kwa vioneshwa vya kawaida zaidi mpaka huo haushiki vizuri. Kijiji cha Makumbusho kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967, kinaonesha nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania zilizojengwa kwa miti, udongo na nyasi. Nyumba ya nyasi huanza kuzeeka siku ileile inapoezekwa. Kila masika yakipita, kioneshwa kinadai fundi anayejua kuezeka kwa mtindo wa jamii husika, na fundi huyo hupatikana kwa shida zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Swali la nani atalipa nyasi za mwaka wa 20 ni swali la siku ya kwanza ya mradi.

3.0 Laetoli

Laetoli ipo takribani kilomita 45 kusini mwa Bonde la Olduvai, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Nyayo zilizoipatia sifa zilikanyagwa miaka milioni 3.66 hivi iliyopita katika majivu ya volkano yaliyolowa, ambayo baadaye yaliganda na kufunikwa. Timu ya Mary Leakey iliona nyayo za wanyama mwaka 1976, na mwaka 1978 ikapata msafa wa nyayo za zamadamu katika sehemu iliyopewa jina la Eneo G. Msafa huo una urefu wa takribani mita 27. Ulichimbuliwa katika misimu ya 1978 na 1979, ukapimwa, ukapigwa picha, ukachukuliwa kalibu za kutengenezea nakala, kisha ukafukiwa kwa mchanga na udongo na kufunikwa kwa mawe ya volkano.

Kufukia mwaka 1979 kulikuwa uamuzi sahihi uliotekelezwa kwa haraka. Udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Kifusi kililegea kuliko ardhi iliyokizunguka, mawe yakahifadhi unyevu, na mbegu zikapata kitalu bora kuliko mahali popote pa jirani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa wazi kwamba miti imeota juu ya kioneshwa chenyewe na kwamba mizizi yake huenda inapasua nyayo. Mhakiki wa usimamizi wa miradi hana budi kusimama hapa. Hapakuwa na uzembe wa ratiba wala ubadhirifu wa fedha. Kilichokosekana ni mtu mwenye jukumu la kurudi pale kila mwaka, kuinama na kung'oa mche kabla haujawa mti. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mche mmoja. Kwa kuwa haikuwa ya mtu yeyote, iligeuka kuwa kazi ya kimataifa ya miaka kadhaa.

Mwaka 1992 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani zilianza mazungumzo ya pamoja, na tathmini ikafanyika uwandani mwaka uliofuata. Njia tatu zilikuwa mezani. Ya kwanza ni kuukata msafa na kuuhamishia katika jumba la makumbusho. Ya pili ni kujenga paa au jengo juu yake na kuuacha wazi kwa wageni. Ya tatu ni kuufukia upya kwa ustadi zaidi. Kwa kipimo cha orodha za stadi tulizozitaja mwanzoni, njia ya kwanza na ya pili zinavutia. Zote zina kitu cha kukabidhi, zina utepe wa kukata, na zina idadi ya wageni inayoweza kuandikwa katika taarifa ya mwisho. Njia ya tatu inaacha rundo la mawe.

Sababu za kuzikataa njia mbili za kwanza zilikuwa za kitaalamu na za kiutawala kwa pamoja. Tabaka la majivu si gumu sawasawa kote. Kuna sehemu zilizochakaa na kulainika, na hakuna aliyekuwa na uzoefu wa kukata na kubeba kitu dhaifu cha ukubwa huo bila kukivunja. Aidha, kuukata msafa kungeutenga na nyayo za wanyama na tabaka zinazoupa maana. Kuhusu jengo, hoja ilikuwa kwamba paa haliondoi unyevu unaopanda kutoka ardhini. Maji yakifika juu na kukauka huacha chumvi, na chumvi humomonyoa uso wa jiwe polepole. Jengo la kudhibiti hali hiyo linahitaji umeme, vipuri, mafundi na ulinzi wa kudumu katika eneo ambalo wakati wa mvua hata kufika kwake ni kazi. Hoja hii ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa katika uhakiki huu. Walioitoa hawakuuliza tu kama jengo linaweza kujengwa. Waliuliza kama kuna taasisi inayoweza kulitunza baada ya wao kuondoka, na jibu walilolipata walilikubali.

Utekelezaji ulifanyika katika misimu ya 1995 na 1996. Sehemu ya kusini ilifukuliwa kwanza, ya kaskazini ikafuata, na kila moja ilifungwa baada ya kushughulikiwa. Mizizi ilikatwa na kuondolewa kwa uangalifu, sehemu dhaifu zikaimarishwa, na timu ya Chuo Kikuu cha Cape Town ikapiga picha za vipimo ili kila unyayo uwe na ramani yake. Wanasayansi walipewa nafasi ya kuzichunguza nyayo zikiwa wazi, kwa muda uliowekewa mpaka. Kisha zikafukiwa kwa tabaka: mchanga uliochekechwa, vitambaa vya plastiki vinavyopitisha maji, mchanga tena, vitambaa vyenye chembe zinazotoa polepole dawa ya kuzuia mizizi, udongo, na mwishoni mawe. Umbo la kifusi lilipangwa ili maji ya mvua yatiririke pembeni.

Tukio moja la mwaka 1996 halipewi uzito unaostahili linapotajwa katika maandishi ya fani hii. Wamasai wanaoishi na kuchunga katika eneo hilo waliandaliwa hafla ya kimila iliyoongozwa na laiboni, na kondoo akachinjwa, ili mahali pale pawekwe katika hadhi inayoeleweka na jamii. Katika ratiba ya kawaida ya mradi shughuli ya namna hii huingizwa chini ya kichwa cha mahusiano na jamii, karibu na chakula cha wageni. Kwa Laetoli mantiki ni tofauti. Vitambaa, mawe na udongo vinavyozilinda nyayo vimewekwa katika malisho ya watu. Mlinzi mmoja au wawili hawawezi kulizuia jambo ambalo jirani hajakubaliana nalo. Kwa hiyo hafla ile ilikuwa sehemu ya mfumo wa uhifadhi kama ulivyo mchanga wenyewe, na ingefaa ionekane katika mpango kazi kwa uzito huohuo.

Hapa ndipo mfumo wa McKenna-Cress na Kamien unapoonesha nguvu na upungufu wake. Waandishi hao wanapendekeza kwamba kila timu ya onesho iwe na watetezi watano: wa taasisi, wa maudhui, wa tajiriba ya mgeni, wa usanifu, na wa mradi pamoja na timu yenyewe. Ni pendekezo zuri, kwa kuwa linakubali kwamba mgogoro baina ya watetezi ni sehemu halali ya kazi, na linamwondolea msimamizi mzigo wa kujifanya anapendwa na wote. Lakini kioneshwa hakina mtetezi wake wa pekee katika orodha hiyo. Kimehifadhiwa kwapani mwa mtetezi wa maudhui, ambaye kwa kawaida ni mtafiti, na mtafiti hutamani kioneshwa kionekane na kichunguzwe. Laetoli masilahi ya mtafiti na masilahi ya unyayo yalipingana waziwazi, kwani kila saa ya kuchunguza ilikuwa saa ya kukauka. Aliyeamua saa ngapi zinatosha alikuwa mhifadhi. Vilevile jirani wa kioneshwa hana kiti. Si mgeni, kwa sababu haji kutazama. Wala si taasisi. Ukimtafutia nafasi katika mfumo huo utamkuta ukumbini, akisubiri kushirikishwa.

4.0 Nakala na Matini Yake

Kwa kuwa nyayo zimefukiwa, mgeni huonana nazo kwa njia ya nakala. Olduvai, ambayo wenyeji huitamka Oldupai, ilikuwa na jumba dogo la makumbusho lililoanzishwa na Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970. Mradi wa miaka ya 1990 ulitenga humo chumba kwa ajili ya Laetoli, chenye nakala ya sehemu ya msafa na maelezo ya kwa nini zenyewe zimefukiwa. Jumba jipya, lililogharimiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, lilifunguliwa Oktoba 2017. Mahali hapo pamechaguliwa kwa busara ya kawaida: Olduvai ipo karibu na barabara inayounganisha Ngorongoro na Serengeti, na magari ya watalii hupita huko kwa vyovyote.

Kuna wanaoiona nakala kama fidia duni. Msimamo huo unastahili kupingwa kwa hoja ya lugha. Neno makumbusho linatokana na kukumbusha. Jumba la makumbusho kwa Kiswahili halijitambulishi kwa kumiliki vitu, linajitambulisha kwa kazi linayomfanyia mtu. Nakala inayomweleza mgeni ukweli wote, kwamba hii ni nakala, kwamba zenyewe ziko kilomita 45 kutoka hapa chini ya mchanga, na kwamba ziliwahi kuota miti kwa sababu hakuna aliyerudi, inakumbusha zaidi kuliko jiwe halisi lililowekwa nyuma ya kioo bila maelezo. Sharti ni kwamba maelezo hayo yawepo na yaeleweke.

Hilo linatufikisha kwenye stadi ambayo matini zote tatu zinaipitia juujuu: kuiingiza lugha katika ratiba. Utaratibu uliozoeleka katika miradi ya maonesho inayofadhiliwa kutoka nje ni kuandika matini kwa Kiingereza, kuyapitisha kwa kamati ya wataalamu, kuyapatia nafasi katika usanifu wa mabango, kisha kuyapeleka kwa mfasiri. Katika hatua hiyo fedha zimepungua na ukubwa wa bango umekwisha kuamuliwa. Mfasiri anapewa mstatili na siku chache. Matokeo yake ni Kiswahili kilichobanwa kwa herufi ndogo chini ya Kiingereza, au kilichopunguzwa aya nzima.

Ubanaji huo una sababu ya kiisimu ambayo msimamizi anapaswa kuijua. Miongozo ya uandishi wa mabango, ukiwamo ule maarufu wa Beverly Serrell wa mwaka 1996, huhimiza ufupi na hupima ufupi huo kwa idadi ya maneno. Kipimo hicho ni cha Kiingereza. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli katika neno moja. Hawakuzifukua ni neno moja ambalo Kiingereza hulisema kwa maneno matano. Bango la Kiswahili linaweza kuwa na maneno machache na bado likajaza mistari ileile, huku kila neno likiwa refu kiasi cha kuvunjika mwishoni mwa mstari. Msanifu asiyejua Kiswahili hulikata neno popote nafasi inapokwisha, na msomaji hukutana na silabi zilizokatwa vibaya. Kwa hiyo kipimo cha bango la Kiswahili kinapaswa kuwa idadi ya herufi na mistari, na kipimo hicho kimfikie msanifu kabla hajachora.

Suala la istilahi lina uzito mkubwa zaidi. Nyayo za Laetoli ni za nani? Watafiti wengi huzihusisha na spishi ya Australopithecus afarensis. Bango la Kiswahili likiandika nyayo za binadamu limetoa dai la kisayansi ambalo wengi hawalikubali. Likiandika nyayo za zamadamu limetumia istilahi sahihi inayofahamika kwa waliosoma historia shuleni, lakini inayohitaji maelezo kwa mgeni mwingine. Likiandika mtu wa kale limekwepa. Kila chaguo lina gharama yake, na kulijadili kunahitaji kikao cha mtaalamu wa mambo ya kale, mtaalamu wa Kiswahili na mtu anayewapokea wageni. Kikao hicho kisipokuwa katika ratiba, uamuzi utafanywa na mfasiri peke yake usiku wa kuamkia uchapishaji. Kinyume chake, lugha ikiingia mapema hutoa pia faida ambazo Kiingereza hakina. Unyayo katika Kiswahili ni alama na ni njia. Watoto hufuata nyayo za wazazi. Bango lililoanza kutungwa kwa Kiswahili lingeweza kuusimamisha msafa mzima juu ya maana hiyo, hasa kwa kuwa miongoni mwa nyayo za Eneo G zimo zilizokanyagwa na mmoja ndani ya nyayo za mwingine.

5.0 Kuhusu Makumbusho Yanayokusudiwa Laetoli

Kufukia kwa mwaka 1996 hakukufunga mjadala. Katika miaka ya 2000 mvua zilianza kumomonyoa kifusi, na baadhi ya wataalamu, Watanzania wakiwamo, walitoa wito wa kujengwa jumba la makumbusho juu ya nyayo zenyewe. Mwaka 2011 sehemu ya msafa ilifunuliwa tena kwa ajili ya ukaguzi. Wito huo hauna budi kusomwa kwa heshima. Una hoja ya haki ndani yake: Mtanzania anayeambiwa kwamba urithi wake mkubwa upo lakini haruhusiwi kuuona ana sababu ya kuuliza ni nani aliyeamua hivyo, na katika chumba gani. Hoja kwamba taasisi zetu haziwezi kutunza jengo ina ukakasi inapotolewa na mgeni, hata ikiwa ya kweli.

Mpango wa ujenzi ulizaa jambo lisilotarajiwa. Sheria na busara zinataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya kujenga mahali pa aina hii. Wakati wa tathmini hiyo, wanaakiolojia wa Tanzania wakishirikiana na wenzao kutoka Italia walichimba mashimo ya majaribio ya mita 2 kwa 2. Mwaka 2015, takribani mita 150 kusini mwa Eneo G, mashimo hayo yaligonga nyayo nyingine za zamadamu, zilizoitwa za Eneo S. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 na Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki, Marco Cherin na wenzao. Nyayo zilizoelezwa ni 14, za watu wawili, mmoja wao akikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165 hivi, kimo kinachowazidi wote waliopita Eneo G.

Kwa lugha ya usimamizi wa miradi, tathmini ya athari huhesabiwa kuwa gharama ya awali, kibali cha kupatikana haraka ili mkandarasi aingie kazini. Laetoli kibali hicho ndicho kilichotoa matokeo makubwa kuliko chochote ambacho jengo lenyewe lingetoa katika mwaka wake wa kwanza. Laiti mpango ungekuwa na msimamizi hodari wa ratiba na dhaifu wa kila kitu kingine, mashimo yangepunguzwa, msingi ungemwagwa zege, na Eneo S lingebaki chini ya sehemu ya kuegesha magari. Hii ndiyo stadi ambayo orodha hazina jina lake: kuupa mradi muda wa kugundua kwamba haukujua ulichokuwa unakijengea.

Uhakiki huu haupingi makumbusho kujengwa Laetoli. Unapinga mpangilio wa maamuzi unaotanguliza mchoro wa jengo. Kabla ya mchoro kuna masuala matatu ambayo jibu lake si la msanifu majengo. La kwanza ni fungu la fedha za matunzo linalotokana na mapato ya ndani, kwa kuwa mfadhili hugharimia ujenzi na huondoka. La pili ni ajira ya wahifadhi walioko uwandani, wenye mamlaka ya kufunga jengo kwa wageni pale unyevu unapovuka kiwango, bila kuomba ruhusa kwa anayehesabu viingilio. La tatu ni makubaliano na wafugaji wanaoishi humo, katika kipindi ambacho suala la makazi yao ndani ya Ngorongoro ni zito kuliko suala la nyayo, na ambapo jengo lolote jipya la serikali husomwa kwanza kama dai juu ya ardhi. Msimamizi anayeliona suala hili la tatu kuwa nje ya mradi wake atalikuta mlangoni siku ya ufunguzi.

Kuna jambo la nne, dogo zaidi. Miongoni mwa nyayo zilizoonekana mwaka 1976 zipo za Eneo A, ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa huenda ni za dubu aliyesimama kwa miguu miwili. Zilifukuliwa upya mwaka 2019, na uchambuzi uliochapishwa Desemba 2021 ukazihusisha na zamadamu, tena pengine wa spishi tofauti na aliyepita Eneo G. Kama jumba la Laetoli lingejengwa mwaka 1980 kwa ubora wote unaotakiwa na vitabu, dubu huyo angekuwa amechongwa katika bango la jiwe. Mikataba ya utengenezaji wa maonesho huainisha unene wa mbao, aina ya taa na rangi ya kuta. Kifungu cha kubadilisha matini ya bango kila baada ya miaka michache, pamoja na jina la ofisa anayewajibika na fungu la kulipia, hugharimu kidogo kuliko taa moja ya ukumbini, na kinapaswa kuandikwa katika mkataba uleule wa kwanza.